Samaki Mmoja Akioza: Historia ya Bloku Mbovu Kwenye RAID ya Linux

Kuna methali tuliyofundishwa sote shule ya msingi: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa miaka mingi programu zinazotunza diski zetu ziliishi kwa methali hiyo. Kipande kimoja kidogo cha diski kikikataa kusomeka, diski nzima ilitupwa nje ya kundi, hata kama sehemu yote iliyobaki ilikuwa nzima kabisa. Leo nataka tupitie historia ya jambo hili, kuanzia diski za kwanza hadi RAID ya programu iliyomo ndani ya Linux. Ni historia ya mitambo, lakini pia ni historia ya watu kubadili mawazo kuhusu maana ya kosa. Na ina funzo kwa yeyote anayetunza sava hapa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru.

Kwanza tuelewane maneno. Diski hugawanywa katika vipande vidogo, kila kimoja cha baiti 512, au baiti 4,096 kwa diski za siku hizi. Kipande hicho ndicho ninachokiita bloku. Pamoja na data yako, diski huandika nambari za ukaguzi ili baadaye ijue kama inachosoma ndicho kilichoandikwa. Hesabu ikikataa, na diski ikishindwa kurekebisha, inarudisha kosa. Hiyo ndiyo bloku mbovu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: si kila bloku mbovu imeharibika kimwili. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, bloku inaweza kubaki nusu mpya nusu ya zamani. Nambari za ukaguzi hazilingani tena, kwa hiyo diski inakataa kuisoma. Uso wa diski hauna mkwaruzo wowote. Ukiandika upya juu ya bloku hiyohiyo, inapona. Shikilia jambo hili, tutalirudia.

Sisi wa eneo la Mlima Kenya tunaijua hadithi ya umeme. Mto Tana unaanzia kwenye mlima huu na safu ya Aberdare, kisha unateremka kuzungusha mitambo ya mabwawa ya Seven Forks. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulipopunguza maji, Kenya nzima iliingia kwenye mgao wa umeme, pamoja na sisi tunaokaa kwenye chemchemi yenyewe. Miaka mingi baadaye, tarehe 25 Agosti 2023, nchi iliingia gizani tena kwa saa nyingi. Kila umeme unapokatika ghafla, diski fulani mahali fulani ilikuwa katikati ya kuandika.

Ongeza na hali ya mawasiliano. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya miji yetu ilipita kwenye laini za simu au setilaiti, polepole na kwa bei kali. Hakuna aliyefikiria kutuma gigabaiti za nakala nje ya mji kila usiku. Nakala ilikaa katika chumba kilekile na data yenyewe. Shule nyingi nazo zilitumia mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilizirekebisha na kuzisambaza nchini. Kadi maalumu za RAID zilikuwa ghali. Lakini mwenye diski mbili za mtumba na CD ya Linux aliweza kuziunganisha bila kulipa hata senti. Ndiyo maana naona historia ya RAID ya programu inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya aina hii. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Tangu wakati huo hakuna aliyeweza kutengeneza uso wa sumaku usio na dosari hata moja kwa bei ambayo watu wanaweza kulipa. Swali halikuwa kama kuna sehemu mbovu. Swali lilikuwa nani azibebe.

Jibu la kwanza lilikuwa: mtu. Seagate ilitoa ST-506 mwaka 1980, diski ya megabaiti 5. Diski za kizazi hicho na zilizofuata zilikuja na kibandiko juu yake chenye orodha ya sehemu mbovu zilizogunduliwa kiwandani. Fundi alipoandaa diski alikaa chini na kuingiza nambari hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine. Baadaye mifumo ya mafaili ilisaidia. Kwenye DOS, jedwali la FAT liliweka alama maalumu kwa sehemu mbovu ili zisitumike. Kwenye Linux, mfumo wa ext2 ulitenga ingizo lake namba 1 kwa ajili ya orodha ya bloku mbovu, na programu iitwayo badblocks ilizitafuta. Ulikuwa utaratibu mgumu, lakini wa wazi. Ubovu ulijulikana, uliandikwa, na kazi iliendelea.

Jibu la pili lilikuwa: diski yenyewe. Kuanzia diski za IDE za mwaka 1986 na kuendelea, kila diski ilibeba kompyuta yake ndogo ndani, pamoja na akiba ya bloku za ziada. Bloku ikiharibika, diski inaihamishia kwenye akiba kimyakimya, nawe hujui. Orodha ilitoka kwenye kibandiko ikaingia tumboni mwa diski. Watu wakasahau kwamba bloku mbovu zipo.

Lakini ujanja huu una mpaka. Diski inaweza kubadilisha bloku wakati unapoandika, kwa sababu wewe mwenyewe unaipa data mpya. Wakati wa kusoma haiwezi, maana haijui kilichokuwa pale. Haiwezi kubuni. Kwa hiyo inarudisha kosa, inaiweka bloku kwenye hesabu ya zinazosubiri, na kungoja mtu aandike juu yake. Ukitumia programu ya smartctl utaona hesabu hizo: kipengele namba 5 ni bloku zilizokwisha kuhamishwa, na namba 197 ni zile zinazosubiri. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna kitu diski yako imeshindwa kukusomea.

Hapo ndipo RAID inaingia, kwa sababu RAID inajua kilichokuwa pale.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha mjini Chicago makala yao maarufu kuhusu kundi la diski za bei nafuu. Miaka 10 kabla, mwaka 1978, Norman Ken Ouchi wa IBM alikuwa amepata hataza ya wazo linalofanana. Hoja ni rahisi. Badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha ndogo nyingi, na uweke hesabu ya ziada. Tuseme diski ya kwanza ina 3, ya pili ina 5, na ya tatu inatunza jumla, 8. Ya pili ikifa, 8 toa 3 unapata 5. Kompyuta hutumia hesabu ya aina nyingine kidogo, lakini wazo ni hilohilo. Huo ndio msingi wa RAID 5. RAID 1 ni rahisi zaidi: kila kitu kinaandikwa mara mbili, kama kilo za mkulima kwenye kiwanda cha kahawa zinavyoandikwa kwenye daftari la kiwanda na kwenye risiti anayopewa mkononi.

Katika makala ile, diski huwa na hali mbili tu: inafanya kazi, au imekufa. Kwa wakati wake haikuwa dhana mbaya. Diski ndogo waliyoitolea mfano ilikuwa ya megabaiti 100. Lakini dhana hiyo ilirithiwa na waliofuata, hata diski zilipokua mara elfu na zaidi.

Linux iliipata RAID ya programu, iitwayo md, katika miaka ya 1990. Kerneli 2.0 ya mwaka 1996 ilikuwa na mwanzo wake, na kufikia kerneli 2.4 ya Januari 2001 RAID 1 na RAID 5 zilikuwa sehemu ya kawaida. Mwaka huo wa 2001 Neil Brown, mwandishi wa programu wa Australia, alianza kuandika mdadm, chombo ambacho bado tunakitumia kusimamia makundi ya diski. Neil ndiye aliyeitunza md kwa sehemu kubwa ya historia hii.

Na md ya miaka hiyo iliishi kwa methali ya samaki. Kosa moja la kusoma lilitosha. Diski ilitangazwa imeharibika, ikatolewa kwenye kundi, na kundi likaendelea bila ulinzi. Tazama matokeo yake. Chukua chama cha akiba na mikopo katika mji wowote wa mlimani, chenye sava ya diski tatu kwenye RAID 5. Umeme unakatika, bloku moja kwenye diski ya kwanza inabaki nusu. Wiki mbili baadaye mtu anafungua faili la zamani, md inakutana na bloku ile, inaitupa diski nzima. Mhudumu anaweka diski mpya. Kundi linaanza kujijenga upya, na ili kujijenga ni lazima lisome kila bloku ya diski mbili zilizobaki, hata zile ambazo hazijaguswa kwa miaka mitatu. Kwenye diski ya pili kuna bloku moja mbovu ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Kosa. Diski ya pili nayo inatupwa. Kundi lote limekufa.

Hesabu hasara. Bloku mbili, kila moja ya baiti 512, pengine zisizohusiana kabisa. Kiasi kisichojaza hata ukurasa mmoja. Lakini vitabu vya wanachama vyote havifunguki. Fundi mjuzi angeweza kulilazimisha kundi kusimama tena, ila mji mdogo usiku wa Ijumaa hauna fundi wa namna hiyo.

Sisi wa mlimani hatukuzaliwa na mazoea ya samaki. Sisi ni watu wa kahawa. Kiwandani mkulima humwaga matunda yake na kuchagua: mekundu upande huu, mabichi na yenye ugonjwa upande ule. Kwenye meza za kukaushia, mikono hupita tena na tena ikiondoa punje mbovu. Hakuna anayetupa gunia kwa sababu ya punje moja. Md ilihitaji kujifunza tabia ya kiwandani.

Hatua ya kwanza ilikuja karibu na kerneli 2.6.15, iliyotoka Januari 2006. Kuanzia hapo, md ikipata kosa la kusoma haikimbilii kuitupa diski. Inakokotoa data iliyopotea kutoka kwa diski nyingine, inaiandika juu ya bloku mbovu, kisha inaisoma tena kuhakikisha. Kumbuka kanuni ya diski: kuandika ndiko kunakoiruhusu kubadilisha bloku. Ikiwa tatizo lilikuwa ni umeme uliokatika, bloku inapona papo hapo. Ikiwa uso umeharibika, diski inachota kwenye akiba yake. Diski inabaki kundini, na mtumiaji hajui lolote. Kuandika kukishindikana, hapo ndipo diski inatolewa, na kwa haki. Mabadiliko ya mistari michache ya programu, lakini naamini yameokoa data nyingi kuliko kadi nyingi za bei ghali.

Wakati uleule ukaja uwezo wa pili: ukaguzi. Unaiambia md isome kila bloku ya kila diski hata kama hakuna anayeihitaji, na irekebishe inachokuta. Amri yenyewe ni fupi, kwa kundi liitwalo md0:

echo check > /sys/block/md0/md/sync_action

Huu ndio mkono unaopita juu ya meza ya kahawa. Bloku mbovu ikigunduliwa wakati diski zote ziko hai, si tatizo. Ikigunduliwa wakati wa kujenga upya, ni msiba.

Diski zilivyozidi kukua, hesabu ilizidi kuwa kali. Watengenezaji wa diski za kawaida huandika kwamba kosa moja lisilorekebishika linaweza kutokea kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani takriban terabaiti 12.5 zilizosomwa. Hiyo ni ahadi ya kiwango cha juu, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi. Lakini chukua RAID 5 ya diski nne za terabaiti 4. Moja ikifa, kujenga upya kunadai usome terabaiti 12 bila kosa hata moja.

Kwa hiyo mapema mwaka 2011 Neil Brown aliweka kwenye mpango wake wa kazi wazo la orodha ya bloku mbovu. Kazi ilianza kuingia kwenye kerneli mwaka huohuo. Mwongozo wa md wenyewe unataja kerneli 3.5, ya mwaka 2012, na mdadm 3.3 ya mwaka 2013 ikaiwasha kwa makundi mapya. Kila diski kundini inapewa nafasi ya kilobaiti 4, yenye uwezo wa maingizo 512. Bloku isiyosomeka na isiyorekebishika inaandikwa humo. Bloku iliyokataa kuandikwa nayo vilevile. Kundi linaendelea. Likiwa linajijenga upya na likakuta bloku moja isiyosomeka, linaiandika, linaruka, linamaliza kazi. Unapoteza faili moja. Vitabu vingine vyote vinafunguka.

Umeona tulipofika? Ni kile kibandiko cha mwaka 1980, kimerudi. Orodha ya wazi ya sehemu mbovu, safari hii ikitunzwa na programu badala ya fundi. Miaka 30 ya kuuficha ubovu, kisha tukarudi kuuandika.

Siwezi kukuambia kwamba orodha hii ilipokelewa na wote kwa vigelegele. Wakosoaji wake wana hoja ya kweli. Kebo iliyolegea au umeme dhaifu ndani ya sava unaweza kuleta makosa mengi kwa mkupuo, na bloku nzima kabisa zikaingia kwenye orodha. Ukibadilisha kebo, orodha haijifuti yenyewe. Bloku hizo zinabaki bila ulinzi, nawe unadhani kundi lako ni zima. Wengine huizima kabisa. Mimi nasema: iache, lakini iangalie. Amri ya mdadm --examine-badblocks ikifuatiwa na jina la kila diski itakuonyesha kilichomo. Orodha isiyosomwa na mtu ni sawa na daftari la madeni lililofungiwa kabatini.

Kuna mtego mwingine wa kihistoria. Diski za kompyuta za mezani ziliundwa zikidhani ziko peke yake, kwa hiyo zikikuta bloku ngumu hujaribu kuisoma tena na tena, wakati mwingine kwa dakika nzima au zaidi. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha huikatia tamaa. Hapo md haipati kosa safi la kusoma ambalo ingelirekebisha. Inaona diski imetoweka, inaitupa. Samaki tena. Diski za sava hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi, na hiyo ndiyo tabia unayoitaka. Kama diski yako inakubali, amri ya smartctl -l scterc,70,70 inaiwekea kikomo hicho. Kwa nyingi huisahau ikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye mambo yanayofanyika kila sava inapowaka. Kama haikubali, ongeza muda wa kusubiri wa Linux hadi sekunde 180.

Na ukaguzi nao una mpaka. Md inaweza kuona kwamba nakala mbili hazifanani, lakini haina njia ya kujua ipi ni ya kweli. Mifumo iliyokuja baadaye, kama ZFS ya Sun mwaka 2005, hutunza alama ya ukaguzi ya kila kipande, kwa hiyo inajua. Kwa watumiaji wa md, dm-integrity iliyoingia kwenye Linux mwaka 2017 inaweza kuwekwa chini ya kundi kufanya kazi hiyo, kwa gharama ya kasi.

Juu ya mlima kuna mfano unaonifanya niheshimu kazi hii. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo cha kupima hewa ya dunia kwenye mwinuko wa mita 3,678, kilichoanza mwaka 1999. Diski za kawaida huelea kwa hewa: kichwa cha kusoma kinabebwa na upepo mwembamba juu ya sahani, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 3,000 hivi. Mji wa Nyeri, kwenye mita 1,750 hivi, hauna wasiwasi. Kule juu uko nje ya dhamana. Na kipimo cha hewa ya saa fulani hakirudiwi, saa imepita. Data nyingi za maisha yetu ni za namna hiyo: matokeo ya mitihani, kilo za kahawa za msimu, malipo ya mwanachama aliyekwisha kufariki.

Sasa tabia moja ya kwetu inayoniogopesha. Kwa miaka mingi Debian imekuja na ratiba inayokagua makundi ya md Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya saa sita usiku. Ni kazi nzuri waliyotufanyia. Lakini ofisi nyingi za miji yetu huzima kila kitu Ijumaa jioni, kwa kuogopa radi na bili ya umeme. Sava inayozimwa wikendi haijawahi kukaguliwa hata mara moja, na mwenyewe anaamini inakaguliwa. Hamisha ratiba hiyo hadi siku ya kazi, hata kama mashine zitakuwa nzito kwa saa chache.

Kisha weka anwani yako kwenye faili la mdadm.conf ili ujulishwe diski ikitoka. Na tunza nakala nyingine nje ya sava hiyo, maana RAID haijui kufuta kwa bahati mbaya wala mwizi wa kompyuta.

Wahenga walisema pia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ndiyo md ilichukua miaka 10 kujifunza badala ya ile ya samaki. Hata hivyo haiwezi kuuziba ufa ambao hakuna aliyeiambia iutafute. Jumatatu ukifika kazini, andika cat /proc/mdstat, kisha anzisha ukaguzi. Ni afadhali ujue leo.